Mapato ya hospitali yamebadilika: kutafuta chanzo kwa kufuata dalili

Taarifa ya mwezi ikifika mezani na mstari wa mapato umeshuka, jibu la kwanza kikaoni huwa lile lile: "Wagonjwa wamepungua." Yakipanda: "Wagonjwa wameongezeka." Ni jibu jepesi, na mara nyingi ama si kweli ama ni nusu ya ukweli. Mapato ya kituo cha afya yanategemea watu wangapi wamehudumiwa, wamepata huduma za aina gani, nani anawalipia na kwa bei ipi, na ni kiasi gani cha huduma hizo kimefika kwenye bili na kukubaliwa na mlipaji. Idadi ya wagonjwa ni jambo moja tu katika hayo, na ndilo lililo rahisi kuliona kwa macho kwenye mabenchi ya kusubiria. Pengine ndiyo maana hulaumiwa kuliko mengine yote.

Hapa chini tunafuata dalili. Nenda kwenye ile inayofanana na yako, lakini usiiruke sehemu inayofuata, kwa sababu uchunguzi mwingi wa mapato hupotea njia hapo hapo mwanzoni.

Kabla ya yote: ni namba ipi iliyobadilika?

Hospitalini kuna namba tatu zinazoitwa "mapato" na kila mtu ana yake. Ya kwanza ni thamani ya huduma zote kwa bei za orodha. Ya pili ni ile inayobaki baada ya kutoa punguzo la mikataba ya bima, misamaha, na kiasi ambacho kituo hakitarajii kukipata. Ya tatu ni fedha zilizoingia benki na kwa keshia. Mkuu wa idara huangalia ya kwanza, mhasibu ya pili, mkurugenzi ya tatu, kisha wanabishana saa nzima bila kugundua kwamba kila mmoja anazungumzia kitu chake. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IFRS 15, kilichoanza kutumika rasmi 1 Januari 2018, kinataka mapato yaandikwe kwa kiasi ambacho taasisi inatarajia kustahili kulipwa. Kwa hiyo bei ya orodha si mapato, hata kama mfumo wa kompyuta unaitoa kwa herufi nene chini ya ripoti.

Ukishakubaliana na wenzako ni namba ipi, tazama kalenda. Februari ya siku 28 ina upungufu wa karibu asilimia 10 ukiilinganisha na Januari, kabla hujatafuta sababu nyingine yoyote. Kliniki zinazofanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa zinaumia zaidi: mwezi mmoja una siku 23 za kazi, unaofuata una 20, na hapo tayari asilimia 13 imeondoka. Sikukuu zinazohama, kama Pasaka na Idi, huharibu hata ulinganisho wa mwezi huu na mwezi kama huu mwaka jana. Gawa mapato kwa siku za kazi kwanza. Kuna "migogoro ya mapato" inayoisha kwa hesabu hiyo moja.

Halafu toa vitu vya mara moja: malipo ya madai ya mwaka uliopita yaliyoingizwa mwezi huu, ruzuku, marekebisho ya hesabu. Usipoyatoa utakuwa unaeleza mwenendo ambao haupo.

Dalili: mapato yako sawa, ila benki hakuna kitu

Hili ni tatizo la makusanyo, na halihusiani na wingi wa wagonjwa. Kipimo chake ni siku za madeni. Tuseme wadaiwa wote wanadaiwa 900,000, na kituo kinazalisha mapato ya 450,000 kwa siku 30, yaani 15,000 kwa siku. Gawanya: siku 60. Maana yake huduma uliyotoa leo unailipwa baada ya miezi miwili kwa wastani. Namba hiyo ikiwa ilikuwa 45 robo iliyopita na sasa ni 60, fedha za siku 15 zimekwama njiani.

Zimekwama wapi? Pata orodha ya madeni kwa umri na kwa mlipaji. Kama ni mlipaji mmoja aliyechelewesha, shida ni yake, na unahitaji kuonana naye. Kama ni walipaji wote, shida ni yako: madai yanachelewa kutoka, au yanatoka na kurudishwa.

Madai yanayorudishwa yana chanzo cha kuchosha, na mara nyingi hakimo katika idara ya madai. Kaa dirisha la usajili asubuhi ya shughuli nyingi. Karani ana foleni mbele yake, kadi ya bima inapita mkononi kwa sekunde chache, tarakimu moja ya namba ya uanachama inaingia vibaya, au kadi iliyokwisha muda inapokelewa kwa kuwa mgonjwa ni mzoefu hapo. Daktari anamwona, vipimo vinafanyika, dawa zinatoka. Wiki kadhaa baadaye dai linarudi: "mwanachama hajulikani." Anayelaumiwa ni ofisa wa madai, ambaye ndiye wa mwisho kugusa faili. Vivyo hivyo kwa kibali cha awali kisichoombwa kabla ya upasuaji, au msimbo wa ugonjwa usiooana na kipimo kilichodaiwa. Chukua sababu za kukataliwa za mwezi mmoja, zihesabu kwa aina, na ujiulize kila aina ilizaliwa dirisha gani. Kwa kawaida sababu tatu au nne zinabeba sehemu kubwa ya fedha zote, na marekebisho yake ni ya bei ndogo.

Mara chache njia yenyewe ya kutuma madai hukatika. Februari 2024 shambulio la kimtandao dhidi ya Change Healthcare, kampuni iliyokuwa inapitisha sehemu kubwa ya madai ya bima ya afya nchini Marekani, lilizifanya hospitali na famasia nyingi zishindwe kudai kwa wiki kadhaa. Wagonjwa walikuwapo, huduma zilitolewa, mapato yalistahili kuandikwa, na fedha hazikuja. Kituo kinachopitisha madai yake yote katika mlango mmoja kijue kwamba hatari hiyo ipo.

Dalili: wagonjwa wameongezeka, mapato yameshuka

Hii ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote, na ndiyo inayostahili karatasi na kalamu. Chukua kituo cha mfano. Mwezi wa kwanza kina ziara 5,000 za wagonjwa wa nje kwa wastani wa 20 kila ziara, na wagonjwa 200 waliolazwa kwa wastani wa 600 kila mmoja. Jumla: 100,000 na 120,000, yaani 220,000. Mwezi wa pili ziara za nje ni 5,600 kwa wastani ule ule wa 20, na waliolazwa ni 170 kwa wastani wa 570. Jumla: 112,000 na 96,900, yaani 208,900.

Wagonjwa wametoka 5,200 hadi 5,770, ongezeko la karibu asilimia 11. Mapato yameshuka kwa 11,100, yaani asilimia 5. Meneja anayeona foleni ndefu haamini taarifa ya fedha. Anayeona taarifa ya fedha haamini foleni.

Tenganisha. Wastani wa mwezi wa kwanza ulikuwa 220,000 kwa wagonjwa 5,200, yaani kama 42.31 kwa kichwa. Kama ongezeko la wagonjwa 570 lingekuja kwa mchanganyiko ule ule, mapato yangepanda kwa takriban 24,115. Hiyo ni athari ya wingi. Sasa piga hesabu ya wagonjwa halisi wa mwezi wa pili kwa bei za mwezi wa kwanza: 5,600 mara 20, na 170 mara 600, jumla 214,000. Lakini wagonjwa 5,770 kwa wastani wa zamani wangeleta 244,115. Pengo la 30,115 ni athari ya mchanganyiko wa huduma: wameongezeka wanaoleta kidogo, wamepungua wanaoleta kingi. Mwisho, mapato halisi ni 208,900 dhidi ya 214,000, pengo la 5,100, ambalo ni kushuka kwa kiasi kwa kila aliyelazwa. Jumlisha: 24,115 ukitoa 30,115 ukitoa 5,100. Unapata upungufu wa 11,100 kamili, hakuna kilichobaki hewani.

Angalia jinsi swali lilivyobadilika. Halipo tena "kwa nini mapato yameshuka?" Yamebaki mawili: kwa nini waliolazwa wamepungua kwa 30, na kwa nini kila aliyelazwa analeta pungufu ya 30. Maswali hayo unaweza kwenda nayo wodini.

La kwanza: tafuta vitanda vilivyofungwa kwa kukosa wauguzi, mashine ya usingizi iliyoharibika, daktari bingwa aliyekwenda likizo, au rufaa zilizokoma kutoka vituo vya jirani. Linganisha na idadi ya upasuaji uliopangwa na ulioahirishwa. Mara nyingi mgonjwa alikuwepo, nafasi ya kumlaza ndiyo iliyokosekana, na hilo halionekani kwenye ripoti ya mapato kwa kuwa mtu ambaye hakulazwa hana bili.

La pili linategemea jinsi mnavyolipwa. Kama mnalipwa kwa siku ya kitanda na kwa kila huduma, wagonjwa wakitoka mapema wastani unashuka, na huenda hiyo ni habari njema kitabibu. Kama mnalipwa kwa kesi, siku hazina neno. Kinachotawala ni uzito wa ugonjwa. Mfumo wa malipo kwa makundi ya kesi, unaojulikana kama DRG, ulianza kutumika katika bima ya Medicare ya Marekani mwaka 1983, na toka hapo nchi nyingi zimetengeneza matoleo yao. Ndani yake mgonjwa mwenye nimonia na figo zilizoanza kushindwa hulipiwa zaidi ya mwenye nimonia peke yake, ila sharti daktari aandike hizo figo. Akiandika "maambukizi ya mapafu" akaenda kwa mgonjwa anayefuata, hospitali imetibu magonjwa mawili na kulipwa moja. Kwa hiyo uzito wa wastani ukishuka, kabla ya kusema wagonjwa wa sasa hawaumwi sana, soma faili ishirini za waliotoka na linganisha kilichotibiwa na kilichoandikwa.

Dalili: wagonjwa ni wale wale, huduma zile zile, mapato pungufu

Washukiwa ni wawili: nani analipa, na kinachovuja.

Kuhusu anayelipa. Huduma moja yenye bei ya orodha 100 inaweza kulipwa 100 na mgonjwa wa fedha taslimu, 80 na bima moja, 65 na bima nyingine, na sifuri na mwenye msamaha. Mwajiri mmoja mkubwa akihamisha wafanyakazi wake kutoka bima ya 80 kwenda ya 65, watu wale wale watakuja, kwa daktari yule yule, kwa shida zile zile, na wewe utapoteza 15 kwa kila huduma. Hakuna mtu wodini atakayeona tofauti. Ndiyo maana ripoti ya mapato isiyogawanywa kwa mlipaji haina msaada mkubwa. Hali hiyo naiona kama mapungufu ya ripoti kabla ya kuwa mapungufu ya biashara.

Jambo hilo hilo linaeleza kwa nini kupandisha bei hakuleti kilichotarajiwa. Bodi inapitisha ongezeko la asilimia 10, lakini asilimia 70 ya mapato inatoka kwenye mikataba yenye bei zilizofungwa mpaka mwisho wa mwaka. Ongezeko linagusa asilimia 30 iliyobaki, kwa hiyo mapato yote yatapanda kwa asilimia 3 tu, tena kama wateja wa fedha taslimu hawatakimbia. Na hao ndio wepesi kukimbia.

Kuhusu uvujaji, yaani huduma iliyotolewa ikakosa kuingia kwenye bili, hakuna ripoti ya kompyuta itakayokuonyesha, kwa sababu kisichoingizwa hakipo. Lazima utoke na daftari. Chukua rejista ya chumba cha upasuaji, chagua kesi kumi bila kupendelea, na uifuate kila moja mpaka kwenye bili yake. Rejista inasema upasuaji ulichukua saa tatu; bili ina ada ya saa moja. Karatasi ya wauguzi inaonyesha oksijeni kuanzia saa mbili usiku mpaka asubuhi. Bili haina oksijeni kabisa. Nyuzi, katheta, bamba la mfupa: stoo imevitoa, mgonjwa anavyo mwilini, bili haivijui. Kwa kawaida utakuta mpangilio: ni zamu za usiku, au ni wikiendi, au ni vitu vilivyoongezwa stoo karibuni ambavyo hakuna aliyevipa namba kwenye mfumo wa bili. Hicho cha mwisho hutokea kila mfumo mpya unapofungwa, na mapato ya mwezi wa kwanza baada ya kubadili mfumo yasichukuliwe kwa uzito mpaka uhakikishe orodha ya bei ilihama yote.

Mabadiliko ya misimbo yana tabia hiyo hiyo. Marekani ilipohamia ICD-10, toleo la kumi la orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, tarehe 1 Oktoba 2015, hospitali nyingi zilitenga muda na akiba ya fedha zikihofia madai kukwama. ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika rasmi 1 Januari 2022, na kila nchi inahamia kwa wakati wake. Zamu yako ikifika, tegemea bili chache zaidi kwa siku kwa muda mpaka watu wazoee.

Dalili: vyote vimeshuka

Hapa "wagonjwa wamepungua" ni kweli, ila bado si jibu. Wamepungua wapi? Gawa kwa idara, kisha kwa daktari, kisha kwa eneo wanakotoka. Wakipungua kila mahali kwa kiasi kinachokaribiana, sababu iko nje: msimu, barabara, uchumi, hofu. Mwaka 2020 ugonjwa wa COVID-19 ulionyesha hilo waziwazi. Hospitali sehemu nyingi duniani ziliahirisha upasuaji usio wa dharura, watu wakaogopa kwenda kliniki, mapato yakaanguka huku vyumba vya wagonjwa mahututi vikiwa vimejaa.

Wakipungua katika idara moja, sababu iko ndani. Dawa zimeisha famasia, mashine ya picha imelala, daktari ameondoka na wagonjwa wake wamemfuata. Tazama pia athari ya pili: daktari wa wanawake akiondoka, maabara na picha zitashuka baadaye kidogo, na mkuu wa maabara ataulizwa maswali yasiyo yake.

Dalili: mapato yamepanda ghafla

Hakuna anayeitisha kikao kwa hili, na ndiyo kasoro. Ongezeko linahitaji uchunguzi ule ule. Huenda ni bili zilizolala tangu mwezi uliopita zimeingizwa kwa pamoja. Basi mwezi uliopita ulikuwa bora kuliko ulivyodhaniwa na huu ni dhaifu kuliko unavyoonekana. Huenda ni dawa chache za bei kubwa, za saratani kwa mfano, zinazovimbisha mapato huku karibu fedha zote zikirudi kwa msambazaji. Huenda huduma moja inatozwa mara mbili, na idara na famasia. Au misimbo imeanza kuelemea magonjwa mazito kuliko faili zinavyoeleza. Hayo mawili ya mwisho mlipaji atayagundua kwenye ukaguzi, na atazitaka fedha zake zote za nyuma, pengine na adhabu juu.

Dalili: hakuna uhusiano wowote kati ya wagonjwa na mapato

Angalia mkataba kabla ya kuangalia hesabu. Mnapolipwa kwa kichwa cha mwanachama aliyesajiliwa kwenu, awe amekuja au hakuja, mapato hufuata daftari la usajili. Wagonjwa wakijaa, kilichopanda ni gharama. Wakipungua, mapato hayatikisiki. Katika mpango huo kushuka kwa mapato maana yake wanachama wamehama, wamefutwa kwa kutolipiwa michango, au orodha ya mlipaji haioani na yenu. Omba orodha yake ya mwezi huu, iweke pembeni ya ile ya mwezi uliopita, na utafute majina yaliyotoweka. Vituo vyenye mikataba ya aina mbili, sehemu kwa kichwa na sehemu kwa huduma, vitenganishe vitabu hivyo kabisa kabla ya hesabu nyingine yoyote. Ukivichanganya, hata ule mgawanyo wa wingi, mchanganyiko na bei utakupa namba zinazojumlika vizuri na zisizo na maana.